Wakuu, picha zangu kwenye barua pepe wengine wanaziona, wengine hawazioni. Nifanyeje?

Mchoraji_Kimya: Habari za jioni wakuu. Naomba kazi ya usanifu wa picha, mwisho wa kutuma ni kesho. Nimejaribu kwanza kwa marafiki watatu. Mmoja kaona kila kitu kimekaa vizuri ndani ya barua. Wa pili kaikuta picha moja imeshuka chini kama kiambatisho. Wa tatu anasema kaona visanduku vitupu. Barua ni ileile! Roho iko juu. Nitajieni programu nzuri, hii yangu naona ina kasoro.

BabaSeva: Programu yako haina neno mkuu. Kila kipande cha barua hubeba alama iitwayo Content-Disposition, ipo kwenye RFC 2183, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 1997. Ikisema "inline", picha ionyeshwe hapohapo. Ikisema "attachment", isubiri msomaji aifungue. Ila hilo ni ombi, mwenye uamuzi ni programu ya mpokeaji. Apple Mail hupenda kuonyesha picha ndani ya barua hata ukiiambatisha. Thunderbird inamwachia msomaji achague kwenye menyu. Picha zenyewe ni za nini?

Mchoraji_Kimya: Kazi zangu tu, na maelezo kidogo.

Mama Wawili: Pole mwanangu. Dada yangu alinitumia picha za kichanga chake kutoka iPhone, kompyuta yangu ikagoma kuzifungua. Kumbe ni HEIC, aina ya faili la picha, simu hizo zilianza nayo kwenye iOS 11 mwaka 2017. Nililia, maana mtoto nilikuwa sijamwona. Tuma JPEG.

Kijiti: Hayo "maelezo kidogo" yako wapi? Mbona unazunguka?

Mchoraji_Kimya: Sawa. Barua ya maombi yenyewe ni picha. Nimeiandika kwenye programu ya kuchorea nikaihifadhi kama PNG, hakuna maandishi mengine. Lakini nina sababu: fonti haitabadilika popote itakapofunguliwa. Na kazi ya usanifu utaiombaje kwa barua isiyo na sura? Nimeshaimaliza, siwezi kuanza upya.

Mzee Tulivu: Vijana mmetanguliza urembo kuliko ujumbe. Asiyeona anatumia kisoma skrini, na kisoma skrini kwa kawaida hakisomi maneno yaliyo ndani ya PNG yako. Heshima ya barua ni kusomeka.

Kijiti: Mwajiri akitafuta neno lolote la barua yako, ataambiwa hakuna matokeo 😂

Msoma_Alama: Mnampa mtu ushauri bure, hii ni chai. Picha iliyoambatishwa husafiri ndani ya barua. Kisanduku kitupu kwa kawaida hutokea pale barua ina kiungo tu, picha ikiwa kwenye seva nyingine. Inakuwaje barua moja iwe na kiambatisho kwa huyu na visanduku vitupu kwa yule? Na akaunti ni ya jana.

Kijiti: Eeh, ya jana kweli. Mleta mada, jibu.

Mchoraji_Kimya: Si chai! Nimejiunga kwa ajili ya shida hii. Ile PNG niliiambatisha. Picha za kazi nilizinakili kutoka kwenye tovuti yangu nikazibandika kwenye barua. Kwangu zinaonekana zote.

Msoma_Alama: Basi naondoa tuhuma. Hapo ulibandika viungo. Rafiki wa tatu programu yake inazuia picha za mbali, kama Thunderbird inavyofanya bila kuambiwa, kwa sababu picha ikivutwa kutoka kwenye seva, mwenye seva anaweza kujua barua imefunguliwa. Na siku ukifuta picha kwenye tovuti, barua zote ulizotuma zinaweza kubaki na mashimo.

BabaSeva: Barua iandike kwa maandishi, kazi zote ziweke kwenye PDF moja.

Mchoraji_Kimya: PDF nakubali. Barua ya picha naiacha juu, ndiyo inayonitambulisha.

BabaSeva: Iache, lakini rudia maneno yake chini kwa maandishi. PDF ina ukubwa gani?

Mchoraji_Kimya: MB 22. Kikomo ni 25, si iko salama?

BabaSeva: Hapana. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za Base64, kinaongezeka kwa theluthi moja hivi. MB 22 zinafika 29 na ushee, seva ya mpokeaji ikiwa na kikomo hicho itaikataa. Ishushe chini ya 15, kisha mtumie tena yule rafiki wa tatu kabla ya mwajiri.