Lindi hadi maporomoko ya Sanje, watu 14 na mahema: Desemba inafaa?

Mwana wa Mitwero
Wakuu, habari za huko. Kikoba chetu hapa Lindi kina watu 14. Safari hii tumekataa hela iishie kwenye pilau na spika, tunataka kwenda hifadhi ya milima ya Udzungwa tukapige hema na kuona maporomoko ya Sanje. Wengi wetu ni wa korosho, minada ikilipa Desemba tuko vizuri. Je, Desemba inafaa? Tukiwa na Coaster tutatoboa kwa siku moja? Tunaweza kulala pale pale kwenye maji? Na tunaye mama wa miaka 58, goti linamsumbua, ila habari ya kubaki hataki kuisikia.

Nangurukuru Stendi
Desemba? Bebeni na mtumbwi basi.

Dada wa Mikindani
Mdogo wangu, sisi tulienda Julai mwaka jana, watu 11 kutoka Mtwara, na mweka hazina nilikuwa mimi. Kila shilingi iliyopotea naijua kwa jina.

Desemba achana nayo. Upande ule mvua zinaanza kama Novemba na kuendelea mpaka Mei. Maji yatakuwa mengi kweli, lakini njia ni udongo na majani yaliyooza, ikilowa ni kama umekanyaga mlenda. Tabu yenu naijua, hela ya korosho na mvua vinaingia pamoja. Sisi tuliifungia kwenye akaunti hadi mwezi wa saba. Tuligombana, wawili wakajitoa. Na Julai maji tuliyakuta, yanamwagika vizuri tu.

Siku moja hamtoboi. Lindi hadi Mang'ula, yalipo makao ya hifadhi, ni kama kilomita 800: Daraja la Mkapa, Dar, Morogoro, Mikumi, ndipo unakata kushoto kwenda Kidatu kwenye mashamba ya miwa. Dereva wetu alijifanya chuma. Tunakaribia Morogoro usiku, namwona kichwa kinaenda chini kinarudi. Nilipiga kelele mpaka watoto wa watu wakaamka wanalia. Laleni Morogoro.

Kuhusu kulala, sisi tulikuwa kambini Mang'ula, maporomoko tukayapanda mchana. Ongeeni na hifadhi mapema, na malipo ni kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, msiende na bulungutu mkononi.

Sasa mahema. Sisi watu wa pwani tunaenda mlimani kama tunaenda ufukweni Msimbati. Tuliyakodi Dar kwa mtu, tukayapakia bila kuyafungua. Kufika, matatu kati ya sita hayana kile kitambaa cha juu, na vigingi viko vinne vya mahema yote! Tukafunga kamba kwenye mawe. Mang'ula iko chini ya mlima, baridi yake si ya Makambako, kinachotesa ni unyevu. Pumzi zetu wenyewe ziligeuka matone darini. Saa tisa usiku la kwanza likanidondokea sikioni, sikulala tena. Yasimamisheni yote uwanjani hapo Lindi, mlale humo usiku mmoja, majirani wacheke wakichoka wataacha.

Chakula kisikae nje hata dakika. Nyani aliingia mchana kweupe, mkate akauruka, akabeba mfuko wa korosho niliokaanga mwenyewe, akaenda kuzilia juu ya paa huku ananitazama.

Huyo mama mwekeni mbele. Sisi mzee wetu tulimwacha nyuma, tukawa tunasimama kumsubiri. Akifika, sisi tumeshapumzika, tunaondoka. Yeye hakupumzika hata mara moja, tukaja kujua tumeshashuka. Na kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda, abebe mkongojo.

Mluguru wa Mang'ula
Dada kamaliza, naongeza kidogo. Njia ya maporomoko haianzii Mang'ula, inaanzia kijiji cha Sanje, gari litawapeleka kama kilomita 10 kwa barabara ya Mikumi. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni miguu tu, mnaongozana na askari. Kwenda na kurudi tengeni saa nne, nyie na mama wekeni tano au sita. Poromoko refu ni kama mita 170, na kuna mahali pa kuoga. Raba zenye meno, kandambili hapana. Mkiona kima wa kijivu wanatembea chini kwenye majani, msiwapigie kelele, huenda ni mangabe wa Sanje. Wataalamu wamewajua mwaka 1979 tu, na hawako popote duniani nje ya milima hii.

Mwana wa Mitwero
Asanteni sana. Jana kikaoni nimewasomea yote. Waliotaka Desemba wamenuna, lakini kura zimepita 9 kwa 5, tunaenda Julai. Mama kasema mkongojo anao, wa marehemu mumewe, na kwa kuwa yeye ndiye wa mbele, anayetaka kumpita aombe ruhusa.
Dada, mlibeba na ming'oko, vile viazi pori vyetu? Nyani waliiachia?

Dada wa Mikindani
Hawakuigusa. Ilichacha siku ya pili, tukaitupa wenyewe.