Vipimo vya sukari vinanichanganya, nishike kipi? Naombeni ushauri

Tulia_Kidogo
Wakuu habari zenu. Naenda moja kwa moja maana usingizi wenyewe sipati. Niliambiwa nina kisukari. Asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni nilipimwa ikaja 178, wakanirudia siku nyingine nayo ikawa juu, nikaandikiwa metfomini. Juzi nimepima kile cha miezi mitatu, HbA1c, imetoka 5.3. Aliyenipa karatasi akasema hiyo ni ya mtu asiye na tatizo, hata hatua ya kukaribia kisukari sijafika. Lakini nyumbani nina kimashine, kila asubuhi kinanipa 8.9, mara 9.8, ikishuka sana 8.4. Nani mkweli hapa? Kimashine kinaweza kuwa kibovu? Na mtu mwenye 5.3 ana haja gani ya kumeza dawa? Msinitukane tafadhali, nina mawazo.

Bwana Ngojangoja
Ngoja waje wenyewe. Nimevuta kiti.

Mchapa Lapa
Pole sana kaka. Mzee wangu alikuwa na mambo kama hayo hayo. Akitoka kliniki anatuambia sukari imekaa sawa, dawa anameza mbele yetu, anashushia na maji, sote tunaona. Kumbe alikuwa anakibana chini ya ulimi. Siku mama anataka kufua koti lake la heshima akakuta mfukoni vidonge vimegandana, vingine vimeshageuka unga. Kufikia hapo ganzi ya miguu ilishampanda, anavaa kandambili moja ikavuka na hajui kama ameiacha nyuma. Sijui hata kwa nini nimeandika yote haya, ila kunywa dawa.

Kipepeo wa Jioni
Tuanze na kimashine. Kabla ya kutoboa kidole unanawa na kukausha? Kidole chenye utamutamu kinapandisha namba, kidole chenye maji kinaishusha. Kopo la vijiti unalifunga kila mara? Tarehe haijapita? Hata kikiwa kizima, kiwango cha kimataifa kinakiruhusu kupishana na maabara kwa asilimia 15 juu au chini. Sasa piga hesabu: toa asilimia 15 kwenye hiyo 8.4 yako, inabaki 7.1. Kisukari kwa kipimo cha asubuhi kinaanzia 7.0. Kwa hiyo kimashine hata kikikosea kwa faida yako, bado.

Msema Kweli Hapendwi
Watu hatutaki kuambiwa. Tunazunguka maabara hadi maabara tukitafuta ile itakayotupa jibu tamu. Kizazi hiki kutembea hakiwezi, kulala mapema hakiwezi, ila kubishana na karatasi ndiyo kazi.

Mtu wa Maabara
Mleta uzi, 5.3 na 8.9 ya kila asubuhi haviwezi kukaa nyumba moja. HbA1c ya 5.3 maana yake wastani wa sukari yako usiku na mchana ni kama 5.9. Mtu anayeamka na karibu 9 kila siku wastani huo anaupatia saa ngapi? Kimoja kati ya hivyo kina sababu ya kupotoka. Naomba unijibu haya: una selimundu, au kwenu wapo? Umetokwa damu nyingi miezi ya karibuni? Umeongezewa damu? Unatumia vidonge vya kuongeza damu? Kuna steroidi yoyote, ya kumeza au ya sindano?

Tulia_Kidogo
Selimundu hapana, steroidi hapana. Hayo mengine sioni yanahusu nini na sukari, tujikite kwenye swali jamani. Vijiti ni vipya na mikono nanawa. Halafu ile ya pili niliyorudiwa haikuwa ya kutisha, ilikuwa 9.4 tu. Ndiyo maana nauliza kama kweli hiki ni kisukari.

Jicho la Paka
Chai hii. Juu kule 178, hapa chini 9.4 "tu". Sukari ikishuka kutoka 178 mpaka 9 huandiki uzi, unaandikiwa rambirambi. Wakitunga wawe wanakumbuka namba walizotunga.

Bwana Ngojangoja
😂😂 Nimesogeza kiti mbele.

Hesabu Rahisi
Jicho, punguza spidi. 178 ni miligramu kwa desilita, 9.4 ni milimoli kwa lita. Gawa kwa 18. 178 inakuja 9.9. Sehemu mbili tofauti, kila moja na kipimio chake, namba zinakaribiana kabisa. Na zote ziko juu.

Jicho la Paka
Hilo limepita, nakubali. Lakini mgonjwa mwenye hofu haulizwi na mtaalamu maswali matano akajibu mawili. Nyuzi za namna hii tunazijua: mtu analia, tunamhurumia, kesho anatokea mwingine na dawa ya unga.

Mizizi Halisi
Ndugu mleta mada usihangaike na kemikali. Nina unga unaosafisha kongosho lote, kisukari unasahau. Njoo inbox.

Jicho la Paka
Si nilisema? Mtu mmoja huyo, simu mbili.

Kipepeo wa Jioni
Mizizi, tupishe. Kongosho si sufuria. Tulia, kama upo kweli, jibu maswali ya Mtu wa Maabara, hakuna atakayekucheka.

Tulia_Kidogo
Haya. Kwanza mimi si kaka. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, kila mwezi natoka damu mpaka naogopa kusimama mbele za watu. Nikapangiwa upasuaji, na hiyo sukari iligunduliwa kwenye vipimo vya maandalizi. Siku ya upasuaji damu ilipungua sana nikaongezewa. Mpaka leo niko kwenye vidonge vya chuma. HbA1c nimepima juzi, wiki chache tu baada ya kutoka wodini. Sikuona sababu ya kuanika kizazi changu mbele ya watu nisiowajua kwa sababu ya swali la sukari. Na ndiyo, dawa nimeshaacha tangu nipate hiyo karatasi. Metfomini inanivuruga tumbo, na mimi naamini sukari ile ilipanda kwa woga wa kisu. Kisu kimepita. Huyo wa unga simjui.

Mtu wa Maabara
Pole dada, na asante. Sasa nimekuelewa. HbA1c inapima sukari iliyoganda kwenye hemoglobini, ile protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Ndiyo maana inaitwa ya miezi mitatu: inasoma chembe zilizokaa muda huo ndani ya sukari yako. Zako nyingi zilimwagika. Ulizoongezewa zimeishi mwilini mwa watu wengine. Juu yake vidonge vya chuma vinakusukuma kutengeneza chembe changa ambazo hazijapata hata muda wa kushika sukari. Maabara haikukosea, imesoma damu iliyoletewa, ila damu hiyo bado haijawa shahidi wako. Na ungepima kabla ya upasuaji, ukiwa na upungufu wa chuma, huenda ingeelemea upande wa juu, nayo ingekudanganya kivingine.

Kwa mtu aliyeongezewa damu karibuni, kisukari kinaamuliwa kwa sukari yenyewe. Pima ya asubuhi kutoka kwenye mshipa, ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi, na damu isikae mezani, maana chembe zinaendelea kula sukari ndani ya kichupa na namba inashuka kila saa inayopita. Au unywe glukosi gramu 75 upimwe baada ya saa mbili, 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kama kwenu kinapatikana, kipo kipimo cha fruktosamini, kinaangalia wiki mbili tatu za nyuma na hakihusiani na chembe nyekundu. HbA1c irudie ikipita miezi mitatu tangu uongezewe, na damu yako ikiwa imetulia.

Woga na ugonjwa kweli hupandisha sukari. Ila 8.9 ya leo asubuhi umeipata nyumbani, kidonda kimepona. Aliyekupa karatasi alijua umeongezewa damu?

Tulia_Kidogo
Hakuuliza. Na mimi sikujua kama ni ya kusema.

Msema Kweli Hapendwi
Na humu ulikuwa unaficha hivyo hivyo. Haya.

Dada Mtulivu
Mwache. Mimi uvimbe umenitesa miaka, nikienda popote nabeba nguo ya kubadilisha na sweta la kufunga kiunoni, hata jua likiwaka. Dada, wako ulitolewa wote au waliacha mwingine? Mimi wananiambia niondoe kizazi kabisa na sijaolewa.

Tulia_Kidogo
Waliutoa, kizazi kipo. Njoo inbox, wewe nakuruhusu.

Mtu wa Maabara nimekusoma. Nitapima ya mshipa. Lakini dawa sirudii mpaka nione majibu, nikimeza kipimo kitasoma dawa badala ya mimi. Siku chache haziniui.

Mtu wa Maabara
Hoja ya kipimo kusoma dawa ina ukweli wake, lakini uamuzi huo mpelekee aliyekuandikia, mwambie na tumbo. Ipo metfomini inayoyeyuka taratibu, wengi wanaivumilia vizuri zaidi, na kuimeza pamoja na chakula kunasaidia. Mpigie leo, usingoje siku ya miadi. Ukiona kiu haiishi, mkojo kila saa, unatapika au unahema kwa nguvu, hapo nenda moja kwa moja, hata usiku.

Jicho la Paka
Sasa huu ndiyo uzi. Mizizi naona amefutiwa posti.

Tulia_Kidogo
Nimempigia, hapokei. Nitajaribu tena jioni.

Mwanagenzi
Samahani kuingilia. Mimi nina selimundu ya upande mmoja tu, yaani nimeirithi kwa mzazi mmoja, siumwi. HbA1c imekuja 6.6 na ya asubuhi 5.4. Niulize hapa au nianzishe wangu?

Mtu wa Maabara
Uliza hapa hapa. Kuna mashine za HbA1c zinazovurugwa na hemoglobini ya namna yako na kuna zisizovurugika. Rudi walikokupima uwaulize wanatumia ipi, halafu tuendelee.