Naomba ushauri: nina siku 21 za hija ya miguu kwenda Santiago de Compostela, nianzie wapi?

Mama Mwalimu
Ndugu zangu, nina umri wa miaka 56 na nimekusudia kwenda Hispania Septemba ya mwaka 2027, ambao ni Mwaka Mtakatifu wa Mtume Yakobo, ambaye hija hii huelekea kaburini kwake, kwa kuwa sikukuu yake ya tarehe 25 Julai itaangukia Jumapili. Nia hii nimekuwa nayo tangu mume wangu alipofariki, na nisingependa niiharibu kwa pupa. Likizo yangu ni siku 21, na tatu kati ya hizo zitaishia safarini. Moyo unataka nianzie Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, niitembee njia yote ya kilomita zipatazo 780, lakini nikipiga hesabu napata zaidi ya kilomita 40 kwa siku. Rafiki yangu ananishauri nianzie Sarria, ambako kumebaki kilomita 115 hivi, kwa sababu cheti cha Compostela hutolewa hata kwa aliyetembea kilomita 100 za mwisho. Nifuate lipi? Kwa sasa mazoezi yangu ni kutembea kilomita nne kwenda kazini, na goti la kushoto huniuma nikishuka ngazi.

Nyayo
Shikamoo Mama, na pole sana kwa msiba wa mzee. Kilomita 40 kila siku usizijaribu. Hata vijana wenye mazoezi huzishindwa. Anzia León, mji ulio kwenye njia hiyohiyo. Kutoka hapo ni kilomita 310 hivi, na ukitembea 20 kwa siku utafika kwa siku 16, huku ukibakiwa na siku mbili za kupumzika. Kuanzia Sarria ni halali kabisa na asikubeze mtu, ila ni safari ya siku tano au sita, nawe una wiki tatu. Mimi ilinichukua karibu juma zima kabla sijaacha kuamka nikiwaza miguu, na sala yangu hasa ilianza baada ya hapo.

Kisha njia ya León hupita Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma ulio juu ya mlingoti mrefu wa mti, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambapo mahujaji huweka jiwe walilotoka nalo nyumbani. Mimi nilibeba kokoto kutoka kaburini kwa baba, ndogo ya kutosha kiganjani, na nilipofika pale vidole vilikataa kufunguka. Chukua la mzee, Mama.

Muuguzi
Dada, kinachonitia wasiwasi ni hilo goti, kwa sababu kutoka huo msalaba hadi kijiji cha Molinaseca utashuka takriban mita 900 kwenye njia ya mawe. Mwone daktari sasa, usingoje mwaka wa safari. Jizoeshe kutumia fimbo mbili, na urefushe umbali wa mazoezi polepole hadi uweze kutembea kilomita 20 kwa siku mbili mfululizo, ukiwa na begi lenye uzito uleule utakaokwenda nao. Ile siku ya pili ndiyo itakayokuambia ukweli. Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako.

Viatu nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvivae miezi kadhaa kabla. Lengelenge huanza kama joto mahali pamoja, mara nyingi kisiginoni. Ukilisikia, simama papo hapo, vua kiatu, kausha unyayo na ubandike plasta, hata wenzako wakikuacha. Nimewahi kumfunga kidonda mtu aliyesema atajitazama akifika kijiji kinachofuata, na kijiji hicho ndicho kilichomkatizia safari.

Msomaji wa Ramani
Niongeze la nyaraka. Ikiwa pasipoti yako inadai viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Utaombwa pia uthibitisho wa malazi, na hosteli nyingi za mahujaji zinazoendeshwa na manispaa hazipokei nafasi za mapema, kwa hiyo weka nafasi kwenye zile za binafsi. Usisahau kitabu cha hujaji, kinachothibitisha ulikopita: katika kilomita 100 za mwisho kipigwe mihuri isiyopungua miwili kila siku.

Mama Mwalimu
Asanteni sana. Nitaanzia León. Jana usiku nilipima begi nikakuta kilo tisa na nusu, nami nina kilo 68. Nimetoa jozi ya pili ya viatu, taulo kubwa na koti zito, likabaki kilo saba, na bado natafuta la kupunguza. Daktari nitamwona Jumanne. Akiniruhusu, Jumamosi na Jumapili nitatembea kilomita kumi kumi nikiwa nalo mgongoni, kisha nitarudi kuwaeleza goti limeamkaje Jumatatu.