ZS10 Pro, Hexa au Zero: spika nyingi sikioni zinasaidia nini?

Kijana wa Sokomatola (Mbeya)

Wakuu, habari za huko. Nina iafoni tatu za waya, za kuvaa masikioni, na nataka nibaki na moja, nyingine ziende kwa wanaozihitaji. Ya kwanza ni KZ ZS10 Pro, spika tano kila upande: dainamiki moja (spika ya kiwambo) na BA nne (vispika vidogo vya ulimi wa chuma). Ya pili ni Truthear Hexa, dainamiki moja na BA tatu. Ya tatu ni Truthear Zero ile ya bluu, haina BA kabisa, ina dainamiki mbili, moja ya milimita 10 na nyingine ya 7.8. Zote nachomeka kwenye simu kwa kiadapta cha Type-C. Nasikiliza dansi la zamani, kwaya, na bongo fleva kwa mbali.

ZS10 Pro ukiivaa tu inakuchangamsha. Besi inapiga, matoazi na kayamba vinarukia mbele, unajisemea hapa nimepata. Weka kwaya sasa. Sauti ya kwanza inang'aa mpaka kila "s" inachoma, sauti ya nne inaunguruma vizuri, halafu ya pili na ya tatu zimesogezwa nyuma kama watu waliochelewa ibada.

Hexa nimeipenda kwa magitaa. Kwenye dansi gita la rithimu huwa linafunikwa tarumbeta zikiingia, unalipata kwa kubahatisha. Humu nalifuata tangu wimbo unaanza taratibu mpaka kwenye chemko, na solo likiwa pembeni halimgusi mwenzake. Besi ipo ila haijitutumui. Mtu aliyezoea sabufa ataiona imepooza.

Zero inashuka chini kweli kweli, ile besi ya kuhisi zaidi kuliko kusikia, na sauti za kike zinatoka safi. Shida ni ule mdomo wake mnene, unaoingia sikioni. Nikikaa nayo muda sikio linauma.

Swali langu: kama spika nyingi ndiyo ubora, mbona yenye tano ndiyo inayonipotezea watu wawili kwenye kwaya?

Mama wa Sauti ya Pili (Iringa, Kihesa)

Mwanangu, umegusa penyewe. Mimi nafundisha kwaya na iafoni naipima kwa kitu kimoja. Naweka wimbo usio na vyombo, nachagua sauti ya pili, naifuata kwa kuimba nayo kimoyomoyo. Nikilazimika kukisia imeenda wapi, iafoni hiyo hainifai hata kama ina spika ishirini.

Natumia Moondrop Chu ile ya kwanza, spika moja ya milimita 10 basi. Waya wake hautoki, ukikatika ndiyo imekwisha, hilo nalijua. Lakini sauti nne nazipata zote, na mtu wa tatu akishuka nusu toni namjua ni nani. Hexa niliisikiliza kwa mwalimu mwenzangu. Ni safi kuliko yangu, sikatai. Pumzi za waimbaji kabla ya beti zinasikika. Ila sauti za wanaume niliziona zimekonda kidogo kifuani.

Fundi Uyole

Mkuu Sokomatola, idadi ya spika ni idadi ya wafanyakazi tu, kazi yenyewe iko kwenye kuwagawia majukumu. Dainamiki ina kiwambo kinachosukuma hewa, ndiyo maana besi yake ina uzito. BA ni kijisanduku kidogo chenye ulimi wa chuma katikati ya sumaku, na vimetumika miaka mingi kwenye vifaa vya watu wenye usikivu hafifu. Kina kasi na ni kidogo, lakini kimoja hakiwezi kuimba kila kitu kwa ubora uleule. Ndipo watu wakaanza kuviunganisha. Jerry Harvey alikuwa fundi sauti wa bendi ya Van Halen, akamtengenezea mpiga ngoma wao iafoni za jukwaani zenye spika zaidi ya moja, na kampuni ya iafoni ya Ultimate Ears ikaanzia hapo mwaka 1995.

Sasa ukiwa na spika mbili au tano lazima uweke mpaka: hii iishie hapa, ile ipokee. Sauti ya binadamu ni pana, kwa hiyo mara nyingi mpaka unapita katikati yake. Makabidhiano yakiwa mabaya, sauti ya pili inadondoka kwenye ufa. Yakiwa mazuri husikii ufa wowote, unasikia nafasi tu kati ya vyombo. ZS10 Pro isitoshe imepangwa makusudi besi na sauti za juu zipande, katikati pabonyee. Hayo ni maamuzi ya mpangaji, siyo makosa ya hesabu ya spika.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii ni unachomeka wapi. Ukinzani wa iafoni yenye BA nyingi, yaani inavyouzuia umeme, hupanda na kushuka kulingana na sauti ilivyo nzito au nyembamba. Ukiichomeka kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kama mixer nyingi za kanisani, uwiano wa besi na sauti za juu unabadilika. Iafoni ileile kwenye simu ikasikika tofauti na kwenye mixer, watu wakaanza kubishana wakati wote wako sahihi. Truthear wenyewe wametumia tabia hiyo: Zero:RED, toleo jingine la Zero, inakuja na kiunganishi cha omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani), ukikiweka besi inaongezeka. Kwa hiyo Mama, ukitaka kuilinganisha Hexa na Chu yako, tumieni kiadapta kimoja na muweke sauti kwenye kiwango kimoja. Inayolia kwa nguvu zaidi hata kidogo hudanganya sikio kwamba ni bora.

Abiria wa Kitonga

Nyie mnasikilizia sebuleni. Mimi niko barabarani, Mbeya–Dar, Dar–Mbeya. Ndani ya basi kuna muungurumo wa injini na matairi, na muungurumo huo unakula besi kwanza. Hexa niliazimwa safari moja, Makambako hatujafika nishaichoka, nyimbo zimebaki mifupa. ZS10 Pro besi yake inapenya, nikiwa Mikumi bado nasikia gita la besi. Hizo "s" zinazochoma basi linazimeza lenyewe.

Fundi Uyole

Abiria, hapo uko sawa, ila badilisha vimpira vya mdomoni mwa iafoni kwanza. Weka vya sponji, vibane, viachie vivimbe ndani ya sikio. Kelele za nje zikipungua, besi ya Hexa inarudi yenyewe bila kupandisha sauti. Maana kupandisha kuna gharama: Shirika la Afya Duniani wanasema sauti ya desibeli 80 mwisho ni saa 40 kwa wiki, ukifika 90 zinabaki saa 4 tu. Safari moja ya Dar inazimaliza.

Dada Mafinga

Mmesahau baridi. Asubuhi ya Julai huku kwetu iafoni ya chuma ukiitia sikioni unashtuka kama umemwagiwa maji. Na si kushtuka tu. Sikio lina joto na unyevu, chuma ni cha baridi, mvuke unageuka matone kwenye kile kichujio kidogo cha mdomoni mwa iafoni, upande mmoja unafifia. Watu wanadhani imeungua wanakimbilia kwa fundi. Toa kimpira, futa kwa kitambaa kikavu, iache ndani ya nyumba ikauke. Usipulize kwa mdomo, unaongeza maji mengine. Mimi huiweka mfuko wa ndani wa koti kabla ya kuivaa, sijasumbuka tena.

Kuhusu swali, kama ni dansi na kwaya, baki na Hexa. Kaka umeshajijibu mwenyewe pale ulipoandika kuhusu rithimu.

Kijana wa Sokomatola

Asanteni sana. Leo nimefanya kipimo cha Mama: kiadapta kimoja, sauti nimeisawazisha kwa kadiri ya sikio. Kwenye Hexa sauti ya pili nimeifuata mwanzo mwisho. Kwenye Zero nimeifuata pia, ila sauti ya nne ilikuwa kavu kuliko nilivyotarajia kwa iafoni yenye besi ya chini vile. Hexa inabaki. Zero nampa mdogo wangu, ana masikio makubwa. ZS10 Pro nauza, ina waya wake na boksi, anayeitaka aje aisikilize hapa Kabwe kabla ya kulipa. Anayetaka kuhamisha waya ajue pini za KZ zimechomoza na kifuniko chake, za Hexa zimekaa bapa, waya mmoja hautakaa vizuri kote kote.

Abiria wa Kitonga

ZS10 Pro usimpe mtu. Jumamosi napita Mbeya, nikuachie hela stendi au Kabwe? Yangu nampa kondakta wangu, anaitolea macho siku nyingi.

Mama wa Sauti ya Pili

Abiria, na hivyo vimpira vya sponji ununue.