Mechi za marudio zimefutwa, viwanja vidogo vya England vinakabwa koo, na sisi tunapiga makofi

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Kila Kombe la FA linapokaribia, husoma humu maandishi ya watu wazima wenye akili zao wakishukuru kwamba mechi za marudio, zile zilizochezwa upya baada ya sare, zimefutwa, eti zilikuwa zikiwachosha wachezaji wao wa Arsenal, Liverpool au Manchester United. Nimenyamaza vya kutosha. Ninaishi huku Uingereza, na Jumamosi zangu ninazimalizia kwenye viwanja vidogo ambavyo uamuzi ule umeviumiza, kwa hiyo jambo ambalo ninyi mnaliita marekebisho ya ratiba, mimi ninaliona likipunguza chakula cha watu ninaowafahamu kwa sura.

Kwa asiyejua ninazungumzia viwanja gani, soka la kulipwa la England lina klabu 92 katika madaraja manne ya juu: 20 za Ligi Kuu na 72 zinazofuata. Kuanzia daraja la tano kushuka chini kuna klabu nyingi mno za miji midogo, vitongoji na vijiji, na katika daraja la saba au la nane kiingilio huwa kati ya pauni 10 na 15 hivi, fedha ambayo haikupeleki hata mlangoni kwa klabu nyingi za Ligi Kuu. Ukishaingia, hakuna anayekuelekeza kiti chako. Unaegemea uzio hatua chache kutoka kwenye mstari, unamsikia kipa akimkaripia beki wake, unamsikia mwamuzi akijitetea, na mapumziko yakifika mashabiki wanahama kutoka goli moja hadi lingine ili kipindi cha pili wawe nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Anayekata tiketi, anayeuza chai na anayechora mistari ya chokaa mara nyingi ni watu wa kujitolea ambao hawalipwi hata senti. Wapo watu, nami nikiwa mmoja wao, ambao starehe yao ni kuzunguka viwanja vya namna hii kimoja baada ya kingine. Sandygate ya Hallam kule Sheffield imechezewa mpira tangu mwaka 1860. Lewes wanacheza mahali panapoitwa Dripping Pan, bondeni, huku kuta za udongo wenye nyasi zikiwa ndizo majukwaa ya watazamaji. Aliyezoea mpira wa mchangani wa Temeke au Eastleigh ya Nairobi atajisikia yuko nyumbani, isipokuwa kwa baridi, ambayo haina adabu hata kidogo.

Klabu hizi hazina mgawo wa televisheni wa maana. Zinaishi kwa viingilio, kwa baa ya klabu, kwa bahati nasibu ya mapumziko, na kwa ndoto moja: kupenya raundi za mchujo za Kombe la FA mpaka kukutana na mkubwa. Zamani ndoto hiyo ilikuwa na mlango wa pili. Mechi ikiisha kwa sare, ilirudiwa kwenye uwanja wa aliyekuwa mgeni, na mapato ya mlangoni yaligawanywa karibu nusu kwa nusu baada ya fungu la mfuko wa pamoja kutolewa. Yaani mdogo aliyemkaba mkubwa nyumbani alipata safari ya kwenda kucheza mbele ya maelfu ya watu na kurudi na fedha ambazo kwa viingilio vyake mwenyewe angezihangaikia miaka. Na mdogo aliyemkaba mkubwa ugenini alimleta kwake, uwanja ukajaa hadi kwenye miti.

Hayo si hadithi za kubuni. Mwaka 1972 Hereford United, waliokuwa wakicheza Ligi ya Kusini, nje ya madaraja manne ya juu, walitoka sare ya 2-2 kwa Newcastle United, kisha kwenye marudio pale kwao Edgar Street, uwanjani kwenye tope zito, Ronnie Radford akasawazisha kwa shuti la mbali na Ricky George akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Mechi hiyo inaonyeshwa mpaka leo kila watu wanapotaka kuusifu ukuu wa Kombe la FA, na wanaoionyesha wanasahau kusema kwamba ilikuwa mechi ya marudio. Januari 2005 Exeter City, klabu iliyokuwa imeshuka nje ya madaraja ya kulipwa ikiwa na madeni shingoni na kuokolewa na mashabiki wake, ilikwenda Old Trafford kwa Manchester United ikatoka 0-0, na marudio yakachezwa Exeter. Mapato ya mechi hizo mbili ndiyo yaliyoipa pumzi. Mwaka uliofuata Burton Albion nao wakawabana Manchester United 0-0 nyumbani kwao, wakaenda Old Trafford na mashabiki wapatao 11,000. Walifungwa 5-0, na nina hakika hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi akilalamika.

Sasa tazameni kilichotokea tarehe 12 Januari 2025. Tamworth, timu ya daraja la tano ambayo wachezaji wake wana kazi nyingine za kuwaweka mjini, iliwaalika Tottenham Hotspur kwenye uwanja wake mdogo wa nyasi bandia. Dakika 90 ziliisha 0-0. Kwa utaratibu wa miaka yote, pale kipenga kilipolia Tamworth wangekuwa wamejipatia mechi ya marudio kwenye uwanja wa Tottenham unaoingiza watu zaidi ya 62,000, na mgawo wa mapato ya usiku ule ungebadilisha maisha ya klabu. Badala yake wakaambiwa waendelee kukimbia. Ikaongezwa nusu saa dhidi ya watu ambao kazi yao kutwa kucha ni kukimbia, wakafungwa mabao matatu, wakapewa pongezi, taa zikazimwa. Nami nikafungua simu nikakuta Waswahili wenzangu wanaandika kwamba "mkubwa ni mkubwa tu". Ilinitia uchungu kuliko matokeo yenyewe.

Uamuzi huo ulitangazwa tarehe 18 Aprili 2024, kwa makubaliano ya miaka sita kati ya FA, yaani chama cha soka cha England, na Ligi Kuu, kwamba kuanzia msimu wa 2024/25 hakuna marudio tena tangu raundi ya kwanza rasmi. Klabu za madaraja ya chini zililalamika kwamba hazikushirikishwa katika jambo linalowahusu wao kwanza. Sababu iliyotolewa ni kwamba ratiba imebana, kwa kuwa mashindano ya Ulaya yameongezwa mechi. Sawa. Nani aliyeyaongeza? Si Tamworth. Na mwezi mmoja tu baada ya tangazo hilo, tarehe 22 Mei 2024, siku tatu baada ya Ligi Kuu kumalizika, Tottenham na Newcastle walikuwa Melbourne, Australia, wakicheza mechi ya kirafiki mbele ya watu zaidi ya 78,000. Miguu iliyochoka kiasi cha kushindwa kurudiana na timu ya daraja la tano ilipata nguvu ya kuruka nusu ya dunia kufuata fedha. Nitamheshimu sana atakayenieleza hili bila kuzunguka mbuyu.

Najua wapo watakaonijibu kwamba Ligi Kuu iliahidi hadi pauni milioni 33 za nyongeza kwa ajili ya mpira wa ngazi za chini. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda zaidi, kwa sababu kilichokuwa haki sasa kimegeuzwa kuwa sadaka. Fedha ya marudio Exeter waliipata kwa jasho la dakika 90, hawakuandika barua ya kuomba, hawakujaza fomu, hawakumsubiri mtu ofisini aamue kama wanastahili. Klabu ndogo inayolishwa kwa mkono wa mkubwa haiwezi kumpinga mkubwa huyo siku atakapokuja na wazo jingine baya.

Na mawazo mengine mabaya tayari yako njiani, mengi yakiwa yanaigusa siku ya Jumamosi. Huku Uingereza kuna sheria ya tangu miaka ya 1960 inayozuia mechi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, na lengo lake ni kuwalinda wadogo, ili mtu asibaki kochini wakati klabu ya mtaani kwake inacheza saa 9 alasiri. Aliyeko kwenye banda umiza la Mbagala anaitazama mechi ile ile bila kizuizi, kwake ikiwa jioni, na simlaumu, kwa kuwa yeye hana Lewes ya kwenda. Ninaowalaumu ni wenzetu tunaoishi nao huku, walionunua visanduku vya kuiba matangazo, wakajifungia ndani Jumamosi yote, halafu wanajiita wapenzi wa mpira wa Uingereza ilhali uwanja wa klabu ya mtaa wao wangeufikia kwa miguu. Upande wa pili, tangu msimu wa 2024/25 televisheni ya Sky inaonyesha zaidi ya mechi 1,000 kwa msimu za madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu pamoja na makombe yao, nyingine zikiwa za Jumanne usiku, saa ambazo hizi klabu ndogo nazo zinacheza na zinahitaji watu waje. Sheria ya saa 9 imebaki, lakini pembeni yake pamekatwa kila mahali.

Msafiri wa viwanja anaumia pia, ingawa hilo ni dogo. Msimu uliopita nilinunua tiketi ya treni ya bei nafuu, ile isiyorudishiwa fedha, na siku chache kabla ya safari mechi ikasogezwa hadi jioni. Kurudi nyumbani usiku huo isingewezekana. Mvua ikijaza uwanja maji nasema ni kazi ya Mungu, naweka skafu yangu ndani ya mfuko narudi. Ila hii haikuwa mvua.

Kuna suala la ardhi, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu ndilo linaloua kabisa. Viwanja vingi vya klabu hizi vilijengwa zamani pembezoni mwa miji, miji ikakua ikavizunguka, na leo kila mwenye mali anapoutazama uwanja anaona maghorofa. Enfield waliuzwa uwanja wao wa Southbury Road mwaka 1999 na wakatangatanga. Mashabiki wakaanzisha Enfield Town mwaka 2001, wakasubiri muongo mzima kupata makao yao. Hendon waliondoka Claremont Road mwaka 2008. Machi 2018 Dulwich Hamlet, kusini mwa London, walifungiwa nje ya Champion Hill na kampuni iliyomiliki ardhi, na kana kwamba hilo halitoshi, jina la klabu likasajiliwa kama alama ya biashara, wakaandikiwa barua kwamba hawaruhusiwi kulitumia jina walilolibeba tangu karne ya 19. Zogo likawa kubwa, jina likarudishwa, na timu hiyo isiyo na kwao ikapanda daraja msimu ule ule ikicheza kwenye uwanja wa majirani, kisha ikarejea Champion Hill Desemba. Waliponea kwa sababu walikuwa na maelfu ya mashabiki na wanasiasa wa kuwasemea. Klabu yenye watazamaji 80 hupotea kimya kimya.

Ukiwa na uwanja usio wako, napo unaadhibiwa. Mwaka 2024 Gateshead walimaliza nafasi ya sita katika daraja la tano, wakastahili kucheza mchujo wa kupanda, wakaondolewa kwa sababu uwanja ni mali ya halmashauri na hawakuweza kuonyesha hakikisho la kuutumia kwa miaka 10. Wiki chache baadaye timu hiyo hiyo iliyoambiwa haifai ilitwaa FA Trophy, kombe la klabu za ngazi hizo za chini, pale Wembley. Miaka ya 1990 Kidderminster, Macclesfield na Stevenage walitwaa ubingwa wa daraja hilo mmoja baada ya mwingine, wote wakazuiwa kupanda kwa sababu ya viwanja. Vigezo vya kuzuia wadogo havijawahi kukosa mtu wa kuviandika.

Na kwa Watanzania mnaosema haya hayatuhusu: Tarryn Allarakhia aliitwa Taifa Stars akiwa mchezaji wa Wealdstone, klabu ya daraja la tano magharibi mwa London. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, aliichezea nchi yetu na akazunguka klabu nyingi za ngazi hizo, Solihull Moors ikiwamo. Mnaposhangilia milango ya kule chini ikifungwa, jueni na nani yuko ndani.

Ninachodai si kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Palipo na timu ya nje ya klabu zile 92 dhidi ya timu ya madaraja ya juu, sare irudiwe, na ikishindikana, basi timu ndogo ipewe hiari ya kuchagua kati ya marudio na muda wa nyongeza. Hizo ni mechi chache mno kwa msimu, na mkubwa anayeogopa kurudiana ana dawa rahisi, ambayo ni kushinda ndani ya dakika 90. Anayepinga na aje na hoja, ila aanze na ile ya Melbourne.