Nimeambiwa mbele ya madereva kwamba sijui kusoma saa

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye kikao ambacho yule bwana wa mfumo, ile programu ya kompyuta inayopangia madereva safari, (mnamjua, yule asiyevua miwani ya jua hata mvua ikinyesha) alinigeukia mbele ya madereva wote, utingo wao na mlinzi wa geti, akasema: "Dada, labda hujui kusoma saa." Mimi, niliyepanga safari za maziwa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Tanga kwa miaka tisa kwa daftari na kalamu!

Kisa chenyewe ni lori la saa nane usiku wa kuamkia leo, lililopangiwa dereva ambaye likizo yake imeanza leo na ambaye tangu jana jioni yuko kwao Korogwe, simu kaizima. Nilipoeleza kwamba likizo hiyo imo kwenye programu, tena niliiingiza mwenyewe, ndipo akasema sijui kusoma saa. Maziwa yamelala yadini hadi yamekaribia kuitwa mtindi, halafu mimi ndiye nisiyejua kusoma saa. Ajabu ni kwamba safari za kuanzia saa tisa usiku hupangwa vizuri. Huharibika zile tu za kati ya saa sita na saa tisa. Badala ya kujiuliza kwa nini, aliniuliza kama nyumbani nina saa ya ukutani.

Mzee wa Yadi: Pole, dada. Programu yenu inahesabu kwa saa za Greenwich, nasi tuko saa 3 mbele. Kwa hiyo saa nane usiku wa kuamkia Jumanne kwake bado ni saa tano usiku wa Jumatatu, siku ambayo dereva wako alikuwa kazini. Badilisha saa za eneo kwenye mipangilio ya kampuni, kisha uhifadhi upya zamu zote, maana za zamani huweza kubaki zilivyokuwa. Asiyejua kusoma saa ni mfumo wake.

Kipanga Ratiba: Pole sana, ila kuna mtu humu aliwahi kuingiza zamu ya saa 12 asubuhi kama 12:00, dereva akaitwa adhuhuri. Hakuwa wewe?

Mleta uzi: Sikuwa mimi. Na hata ningekuwa mimi, hayo ni ya kusemwa mbele ya utingo?

Chuma cha Chalinze: Afadhali yenu. Sisi dereva mmoja amepangiwa malori mawili saa ileile, moja Chalinze na jingine Bagamoyo, kwa kuwa amesajiliwa mara mbili, kwa jina la baba na kwa jina la babu, na mfumo unaamini hao ni ndugu. Nikifuta rekodi moja, safari za wiki nzima zinabaki bila dereva.

Mzee wa Yadi: Usifute, mkuu. Hamishia safari zote kwenye rekodi yenye leseni hai, kisha hiyo nyingine uisimamishe tu.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye suala la saa.

Kipanga Ratiba: Subiri kidogo, dada. Mzee, nikiisimamisha, ripoti zake za mafuta za miezi iliyopita hazipotei?