snmpwalk inajibu ndani ya seva, kutoka nje ni "Timeout"

waya_mrefu: Habari wakuu. Nafuatilia swichi moja na seva mbili za Debian kwa SNMP (itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yao), nikiwa kwenye seva ya tatu. Seva zenyewe zinanisumbua: `snmpwalk -v2c -c public localhost` (amri ya kusoma taarifa hizo kwa toleo la 2c la SNMP) inajibu, ila nikiuliza kutoka nje napata "Timeout: No Response". Ufw (fayawoli) imezimwa. Halafu grafu ya poti ya gigabiti kwenye swichi inaporomoka saa za msongamano, wakati trafiki haijapungua kabisa. Nianzie wapi?

bandari161: Mkuu, kwenye Debian snmpd, programu inayojibu maswali ya SNMP, husikiliza 127.0.0.1 peke yake. Hakikisha:

`ss -lnup | grep 161`

Ukiiona hiyo anwani, ingia `/etc/snmp/snmpd.conf`, uongeze IP ya seva:

`agentaddress 127.0.0.1,10.0.5.12`

Palepale kuna `rocommunity public default -V systemonly`. Usipoigusa utapata majibu, lakini ya sehemu ya system tu, intafesi hazitaonekana. Ifute, uandike:

`rocommunity NenoLako 10.0.5.20`

NenoLako ni neno la komyuniti, linalotumika kama nywila; hiyo ya mwisho ni IP ya seva inayouliza. Kisha `systemctl restart snmpd`. Angalizo: ukikosea neno la komyuniti, v2c haikuambii umekosea, inakaa kimya tu na wewe unaona Timeout ileile. Watu wengi hapo huanza kupekua fayawoli bure.

grafu_safi: La swichi ni kaunta. Bila shaka unasoma ifInOctets, kaunta ya baiti zinazoingia, ambayo ni ya biti 32: ikifika baiti 4,294,967,296 inarudi sifuri. Poti ya gigabiti ikijaa, hilo linatokea kila sekunde 34 hivi. Ukipima kila dakika 5 imeshazunguka mara kadhaa, na programu haina namna ya kujua ni mara ngapi. Soma ifHCInOctets, ya biti 64:

`snmpwalk -v2c -c NenoLako IP_ya_swichi .1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6`

Kaunta ya trafiki inayotoka inaishia na 10 badala ya 6. Kifaa kikiwa kimesajiliwa kwa v1 hutazipata, v1 haibebi kaunta za biti 64.

waya_mrefu: Swichi kweli ilikuwa v1. Seva nazo sasa zinajibu. Je, nihamie v3 (toleo la 3 la SNMP)?

bandari161: Kama njia inapita mtandao usiouamini, ndiyo, maana v2c hupeleka neno lako wazi. Simamisha snmpd kwanza, weka mstari wa `createUser` (wa kuunda mtumiaji na nywila yake) ndani ya `/var/lib/snmp/snmpd.conf` na `rouser monita priv` kwenye ile ya `/etc` (monita ni jina la mtumiaji huyo). Nywila isipungue herufi 8, la sivyo itakataliwa.